Nilipoacha Kuongeza Sauti

Ushuhuda huu nauandika kwa ajili ya wakalimani wa simu, watu wanaokaa majumbani mwao wamevaa hedifoni tangu asubuhi, wakimsemea mgonjwa kwa daktari na daktari kwa mgonjwa. Tupo wengi kuliko watu wanavyodhani. Hapa Texas, kuanzia Carrollton ninakoishi mpaka Fort Worth, halafu ukashuka Houston, utawakuta Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wanaopata riziki yao kwa kinywa na sikio. Kinywa tunakitunza: maji ya uvuguvugu yako mezani, na koo likikauka tunalamba asali na tangawizi. Sikio tunaliacha lijitunze lenyewe, na sikio ndilo jembe letu.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Kiswahili cha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika nimekua nikikisikia sokoni na bandarini, na ndicho kilichonipatia kazi. Katika muongo uliopita Wakongo wamekuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopewa makazi Marekani. Wengi wametokea kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Wengine wametokea Kakuma ya Kenya au Nakivale ya Uganda. Wakifika hapa wanaumwa, wanajifungua, wanaitwa shuleni kwa watoto wao, wanasimama mahakamani. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, katika sehemu yake ya sita, inakataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na kutokana na hapo hospitali inawajibika kumtafutia mgonjwa mkalimani. Mara nyingi mkalimani huyo ni sauti tu, inayotoka kwenye simu iliyowekwa kando ya kitanda. Mojawapo ya sauti hizo ni yangu.

Yanayosemwa humo ni siri na yatabaki kuwa siri. Ninachoweza kueleza ni namna yanavyosikika.

Simu ya kawaida haibebi sauti yote ya binadamu. Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 mpaka karibu hezi 20,000. Simu ya mezani, na sehemu kubwa ya mifumo ya hospitali mpaka leo, hupitisha kipande cha katikati tu, takriban hezi 300 mpaka 3,400. Kipande hicho kinatosha kumtambua mtu na kufuata mazungumzo. Lakini sauti nyembamba za kinywa, hasa *s* na *f*, nguvu yake kubwa iko juu ya hezi 4,000, kwa hiyo simu inazikata. Mtu akikusimulia habari, akili yako inajaza mapengo bila wewe kujua. Akikutajia jina la dawa, namba ya nyumba au idadi ya matone, hakuna habari ya kukusaidia kukisia. Sita na tisa zinaanza kufanana. Hata tatu na tano, mtu akiwa ananong'ona kwa maumivu, zinataka sikio makini. Na mgonjwa akiwa mama wa Bukavu anayehesabu kwa Kifaransa katikati ya Kiswahili, huku mashine za wodini zikilia nyuma yake, basi hapo unasikiliza kwa mwili mzima.

Nilivyofanya ni vile wanavyofanya wengi. Niliongeza sauti. Nyumba yetu ya kupanga iko karibu na mahali njia za reli zinapopishana, katikati ya mji wa zamani wa Carrollton, na kiangazi cha Texas kiyoyozi hakizimwi mchana wala usiku. Kiyoyozi kikianza kuvuma, naongeza sauti. Mpigaji akiwa mbali na simu, naongeza tena. Jioni nikivua hedifoni, masikio yanabaki yanalia mlio mwembamba usiokoma. Nikiwa jikoni, watoto wakinisemesha nawaambia warudie, na mume wangu akaanza kuniuliza kwa nini naongea nao kama walio uwanjani. Usiku, nyumba ikishatulia, ule mlio ndio unaozidi. Nilifikiria kwa dhati kuacha ukalimani na kutafuta kazi ya ghala, kwa sababu nilimwona mama yangu mkubwa akizeeka na uziwi na najua upweke wake.

Nikaenda kupima masikio. Mtaalamu alinikuta bado nasikia vizuri katika vipimo vyote, nikamshukuru Mungu, lakini hakunichekea. Alinieleza kwamba mlio ule ni onyo, na kwamba masikio huumizwa na vitu viwili vikienda pamoja: ukubwa wa sauti na muda wa kuisikiliza. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki anaposikiliza kwa vifaa vya masikioni. Desibeli 3 ni kitu kidogo sana kwa sikio, ni mguso mmoja au miwili wa kitufe. Mtu anayeongeza mara nne kwa siku hajui amejipunguzia saa ngapi.

Akaniambia nishushe sauti. Nilirudi nyumbani nikashusha, na sikuweza kufanya kazi. Chini ya sauti ya mpigaji kulikuwa na kitu kingine, mvumo mzito na mchakacho juu yake, na nikishusha sauti maneno yanazama humo. Nilikuwa nimeuzoea mvumo huo kiasi cha kuuhesabu kuwa sehemu ya simu.

Aliyenifumbua macho ni kaka mmoja wa Kivu, fundi mitambo wa kanisani kwetu, yule anayekaa nyuma na meza ya vitufe siku ya ibada. Nilimweleza habari za mlio. Akaja nyumbani jioni moja, akavaa hedifoni yangu, akafunga programu zote zisibaki hata moja inayotoa sauti, kisha akapandisha sauti ya kompyuta mpaka mwisho na kukaa kimya. Akanipa hedifoni nami nisikie. Mvumo ulikuwa palepale, bila simu, bila mtu upande wa pili.

"Dada, ile makelele inatokaka mu mashini," akasema.

Halafu akanifanyia jambo ambalo sitalisahau. Akashika kipanya na kukikokota taratibu mezani, na ndani ya hedifoni vikasikika vijisauti vyembamba vinavyokwenda mkono wake ukienda, na kukoma ukisimama. Akachomoa chaja ya laptopu. Ule mvumo mzito ukapungua mara moja. Akachomoa waya wa HDMI unaokwenda kwenye skrini kubwa. Ukapungua tena, yakabaki machakacho. Akarudisha vyote, na vyote vikarudi.

Sababu yake ni rahisi kuelewa mtu akieleweshwa. Tundu la hedifoni lililoko ubavuni mwa kompyuta linatoka kwenye ubao uleule wenye prosesa, kumbukumbu na vigeuza umeme, na vyote hivyo vinatumia njia moja ya ethi pamoja na sauti. Umeme wa chaja na ule wa skrini, kila mmoja na plagi yake ya pini tatu, unakutana humohumo. Mabaki yake yanaingia kwenye sauti. Hapa Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wake una lafudhi tofauti kidogo na wa nyumbani Afrika Mashariki, ambako ni 50, lakini ugonjwa ni uleule. Si kompyuta zote zilizo hivyo. Zipo ambazo tundu lake ni safi kabisa, na mwenye nayo hana haja ya kununua chochote. Ndiyo maana jaribio lile la kusikiliza ukimya huja kabla ya kufungua pochi.

Tahadhari mbili juu ya jaribio hilo. Ukishapandisha sauti mpaka mwisho, irudishe chini kabla hujafungua kitu chochote, maana tangazo moja la ghafla laweza kukuumiza. Na usimsikilize mtu anayekuambia ukate pini ya ethi ili mvumo uishe. Kweli mvumo utapungua, lakini pini hiyo ndiyo inayokulinda usipigwe na umeme kifaa kikiharibika.

Tulichohitaji, alisema, ni kuhamisha kazi ya kugeuza namba kuwa sauti kuitoa ndani ya kompyuta. Kompyuta huhifadhi sauti kama namba. Lazima kiwepo kijidude cha kuzigeuza namba hizo kuwa mkondo wa umeme unaotikisa spika, na amplifaya ndogo ya kuusukuma. Hiyo ndiyo kadi ya sauti. Iliyo nje, inayochomekwa kwenye USB, inapokea namba tupu, na namba hazishiki mvumo.

Zamani kila mtu alinunua kadi hiyo peke yake. Kompyuta za kwanza za IBM zilikuwa na kispika cha kupiga vilio tu. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa na Sim Wong Hoo, ilitoa kadi ya Sound Blaster, na kwa miaka mingi kompyuta yenye sauti ilikuwa ile yenye kadi hiyo ndani. Kisha Intel ikaweka kanuni ya mwaka 1997 iliyowawezesha watengenezaji kubandika sauti kwenye ubao wenyewe kwa bei ndogo, na kadi za pekee zikaanza kutoweka madukani. Tulipata urahisi. Ubora ukaachiwa kila mtengenezaji aamue ataubana kiasi gani. Sim alifariki Januari 2023, na watu wa rika langu waliocheza michezo ya kompyuta kwenye vibanda vya intaneti walimlilia kimyakimya.

Nikaenda Micro Center ya Dallas, kando ya barabara kuu ya Central. Zamani tungepata pia maduka ya Fry's, lakini yale yalifungwa yote mwaka 2021, na kwa mtu anayetaka kushika kitu kabla ya kukilipia hili limebaki hazina. Njia ile huwa inanigusa. Si mbali na duka hilo yako makao makuu ya Texas Instruments, kampuni ambamo Jack Kilby alionyesha saketi unganishi ya kwanza Septemba 1958, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2000. Mwaka huohuo wa 2000 Texas Instruments iliinunua Burr-Brown ya Arizona, mabingwa wa vijidude vya kugeuza namba kuwa sauti, na mpaka leo ukifungua vifaa vingi vya sauti utakuta jina lao ndani. Austin kuna Cirrus Logic, wanaofanya kazi hiyohiyo, na mteja wao mkubwa ni Apple. Vyaelea, vimeundwa, na vingi vimebuniwa katika jimbo hili ninalolipia kodi.

Rafu ya duka lenyewe inachosha. Kila boksi lina namba kubwa kuliko jirani yake: biti 24, biti 32, kilohezi 192, kilohezi 384. Nilishakaa na yule kaka na kumwuliza kila namba ina kazi gani, kwa hiyo nilijua za kuziacha. Sidii ya muziki hutumia biti 16 na kilohezi 44.1, na hiyo inatosha kubeba chochote sikio la binadamu linachoweza kusikia. Simu ninazopokea zinabeba namba 8,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 8. Kifaa cha kilohezi 384 hakiwezi kumrudishia mgonjwa *s* iliyokatwa na simu ya hospitali. Yako pia maboksi yaliyoandikwa 7.1, hasa vile vijiti vya USB vya bei ya chini sana vinavyojaa Kariakoo na Luthuli Avenue. Kijiti kina tundu moja la hedifoni yenye masikio mawili, kwa hiyo hiyo 7.1 ni mchezo wa programu, na ukimya wa kifaa, ambao ndio tunaoununua, mara nyingi hauandikwi kwenye boksi.

Nilitoka na adapta ya Apple ya dola 9, kile kiwaya kifupi cha USB-C chenye tundu la hedifoni mwishoni. Hiki kilizaliwa mwaka 2018, Apple walipoiondolea iPad Pro tundu la hedifoni, na watu wakadhani ni waya tu. Ni kadi ya sauti kamili: ina kigeuzi chake, amplifaya yake, na inapokea hata maikrofoni ya hedseti. Kwa hedifoni ya kawaida sijaona bado kitu cha bei hiyo kilicho safi namna hiyo. Walio Ulaya wajue kwamba toleo linalouzwa kwao limepunguzwa nguvu.

Nilichomeka, nikafunga programu zote, nikapandisha sauti mpaka mwisho kama nilivyofundishwa. Kimya. Kaka alikuwa ameniambia kwamba kifaa cha USB bado kinakunywa umeme wa kompyuta ileile, hivyo kwa baadhi ya watu mabaki ya mvumo hufuata na huko, lakini kwangu hayakufuata. Chaja iko ndani, skrini imewaka, kipanya kinakokotwa, na hedifoni haina hata punje ya sauti.

Simu ya kwanza iliyoingia baada ya hapo niliipokea nikiwa na mkono kwenye kitufe cha kuongezea, kwa mazoea. Sikukibonyeza. Nilisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kusema. Nilisikia karatasi ikigeuzwa mezani kwa daktari. Sauti ilikuwa ileile nyembamba ya simu, imekatwa juu na chini kama kawaida, lakini ilikuwa peke yake. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakifanya siku zote: mvumo ulikuwa umekaa mahali pamoja, na mimi nilikuwa napandisha sauti ya mtu ili ivuke juu yake. Mvumo haukuwa unaniumiza. Kilichoniumiza ni ile sauti niliyoipandisha kuukimbia.

Juu ya hedifoni yenyewe nitasema machache. Nilibadilisha ya zamani nikachukua inayofunika sikio lote, ya kufungwa nyuma, ili kiyoyozi na treni vibaki nje. Hapo kuna namba moja ya kuangalia kweli, nayo ni ohm. Beyerdynamic, kwa mfano, wanauza DT 770 PRO kwa ohm 32, 80 na 250, na zinafanana sura. Ya ohm 250 inataka amplifaya yenye nguvu. Ukiichomeka kwenye adapta ndogo utasikia sauti hafifu, kisha utapandisha mpaka mwisho na kulaumu adapta. Kwa kazi ya mezani na kifaa kidogo chukua ya ohm 32 au jirani zake. Visikizi vidogo vya kuingiza ndani ya sikio vina tabia ya kinyume: vingi husikika hata kwa nguvu ndogo sana, hivyo vinafichua hata mchakacho ambao hedifoni kubwa isingeuonyesha.

Na bluetooth? Kwa muziki, sina neno. Kwa ukalimani siitaki. Maikrofoni ya hedseti ya bluetooth ikifunguka, nyingi huhamia njia ya simu yenye sauti finyu, na ucheleweshaji unaongezeka juu ya ule wa mtandao. Mpigaji wetu tayari amefinywa mara moja; sioni sababu ya kumfinya mara ya pili mezani kwangu.

Lilibaki jambo moja ambalo adapta ile haikulimaliza, nalo ni sauti yangu mwenyewe. Simu za mezani za zamani zilikuwa zikikurudishia sauti yako kidogo kwenye sikio, ukajua unaongea kwa kiasi gani. Kompyuta haifanyi hivyo. Ukivaa hedifoni iliyofungwa unajisikia kwa mbali, kama uliyeziba masikio kwa viganja, na unaanza kupaza bila kujua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard aliieleza tabia hii mwaka 1911: mtu asipojisikia vizuri, hupaza sauti. Kwa mkalimani hili ni zito kuliko koo kukauka. Sheria ya mwaka 1996 inayolinda siri za wagonjwa hapa Marekani haimwachi mkalimani nje, na sauti inayovuka mlango inavuka na jina la mtu na ugonjwa wake.

Kwa hiyo baada ya kuweka akiba nilinunua kifaa kikubwa zaidi, Focusrite Scarlett Solo, cha aina ile wanayotumia watu wa kurekodi nyumbani. Bei yake ni zaidi ya dola 100. Kina tundu la maikrofoni ya kweli, kitufe cha mviringo cha hedifoni kinachoshikika kwa vidole, na swichi inayonirudishia sauti yangu moja kwa moja kabla haijaingia kwenye kompyuta. Hili la kabla ndilo la kuuliza dukani. Sauti yako ikienda kwanza kwenye kompyuta ndipo irudi, inachelewa, na mtu akijisikia kwa kuchelewa ulimi unagongana wenyewe. Tangu siku hiyo naongea chini, karibu na kunong'ona, na madaktari wananisikia vizuri kuliko nilipokuwa napaza.

Watoto ndio waliotangaza mabadiliko kabla yangu. Mdogo alinigongea mlango akidhani nimemaliza kazi, maana hakusikia kitu. Jikoni siwaambii warudie. Mlio upo bado siku nyingine, hasa nikikosa usingizi, lakini umerudi nyuma, na naweza kulala bila kuwasha feni ya kuufunika. Kazini nimepungua kusema "naomba urudie", neno linalomchosha mgonjwa ambaye amekusanya nguvu zake zote kulisema jambo mara moja tu. Wapo akina mama wanaokuja na habari nzito ya kule walikotoka, na kumwambia mtu kama huyo arudie ni kumtonesha. Kwa hili pekee ningelipa mara mbili.

Sidai kwamba kifaa kinatibu. Mstari mbovu bado ni mbovu. Nimejifunza kumwomba muuguzi asogeze simu karibu na kitanda, na ombi hilo husaidia kuliko kifaa chochote nilichokinunua. Wala tatizo si letu tu. Tangu vikao vya mtandaoni vilipoanza mwaka 2020, wakalimani wa Bunge la Kanada walilalamika hadharani juu ya mlio, maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na kati yao wamo waajiriwa wa serikali wenye chama cha kuwatetea. Kiwango cha kimataifa cha ISO 20109 kinataka vifaa vya ukalimani sambamba vibebe kuanzia hezi 125 mpaka 15,000. Sisi wa simu tunafanya kazi ngumu hiyohiyo kwa karibu moja ya tano ya upana huo, tukilipwa kwa dakika, tukijinunulia vifaa wenyewe.

Kampuni zinazotuajiri zinatuandikia kwenye mkataba tuwe na intaneti ya waya na chumba chenye mlango. Nawaomba waongeze mstari mmoja: kadi ya sauti ya nje ya dola 9, nao wailipie. Na kwenu wenzangu, fanyeni lile jaribio la ukimya leo jioni, kabla ya kununua chochote. Kapimeni masikio hata kama hamjasikia mlio, ili mwaka ujao muwe na kipimo cha kulinganisha. Na siku yoyote mtu akiamka sikio moja limekufa ganzi au limepoteza usikivu ghafla, asingoje wiki iishe wala asijitilie mafuta ya moto. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu usikivu unaopotea ghafla una nafasi nzuri zaidi ya kurudi pale matibabu yanapowahi.